Feni ya Gari la Wagonjwa

Feni ile niliifunga mimi mwenyewe, kwa hiyo gari lilipoanza kuzimika kila feni inapowashwa, hakuna aliyehangaika kutafuta wa kumlaumu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa magari Nachingwea. Kazi nilijifunza kwenye mradi wa karanga. Nilianza kwa kuosha spana kwa mafuta ya taa, nikaishia kufungua injini za matrekta na kuzifunga bila kubakiwa na nati mkononi. Mradi ulipopunguzwa, watu wengi walirudi makwao. Kwetu ni Likunja, si mbali, lakini nilisita kurudi kwa sababu baba alikuwa ameshanitengea shamba la mtama na alikuwa akiniuliza kila tukionana kama nimeliona. Fundi mkuu wangu, mtu wa Songea aliyeendesha malori ya jeshi wakati wa vita, alijenga banda la mabati karibu na barabara ya kwenda Ruangwa, akalifanya karakana, akanichukua. Alikuwa fundi mzuri. Aliamini jambo moja tu kuhusu magari, kwamba kila ugonjwa wa gari unatokana na petroli.

Gari lenyewe lilikuwa la hospitali ya misheni moja upande wa Ruangwa. Nyuma lilikuwa na boksi la mbao lenye machela upande mmoja na benchi upande wa pili, na madirisha mawili madogo yaliyogoma kufunguka. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchukua akina mama wajawazito vijijini, wale ambao uzazi ulikuwa unaelekea kuwa mgumu. Msimamizi wake alikuwa Sista wa wodi ya wazazi, Mzungu aliyekaa kwetu miaka mingi na kuzungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alikuwa akisema jambo mara moja, kisha anakutazama mpaka ulifanye.

Siku moja kabla ya msimu wa mvua, mwezi ule ambao mabibo yananuka njia nzima, alikuja karakana akatueleza kwamba mwanamke wa Nkowe alizimia ndani ya boksi. Hakuzimia kwa uchungu. Alizimia kwa joto.

"Nataka upepo mle ndani," alisema.

Nilipata feni ndogo ya umeme wa betri kwenye chuma chakavu kilichoachwa na mradi. Niliifunga juu ya machela, nikaweka swichi mbele karibu na dereva. Nilipokuwa napitisha nyaya niliona sanduku la betri limeliwa na kutu. Nikatengeneza jipya kwa bati nene, nikasugua chuma cha gari mahali linapokaa, nikapaka vyote rangi nyeusi mara mbili, nikafunga betri na nyaya zake. Fundi mkuu alipita, akainama, akatazama, akasema, "Hii ndiyo kazi." Maneno hayo aliniambia mara mbili katika miaka tisa.

Betri ilikuwa imelala kwa kukaa siku mbili bila kazi, kwa hiyo tuliwasha gari kwa hendeli, yaani kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Likawaka. Feni ikazunguka. Sista akasimama nyuma, akaweka mkono mbele ya feni kama anayempima mtoto homa, akasema asante.

Baada ya wiki moja dereva alirudi nalo. Alikuwa Myao wa makamo, mtu wa kanzu safi na maneno machache, aliyeendesha gari lile tangu siku lilipofika.

"Linazimika," alisema.

"Linazimika vipi?"

"Ukiwasha feni."

"Palepale?"

"Likienda mbio haliwi na neno. Nikipunguza mwendo, au kwenye mchanga, au nikisimama kumpakia mgonjwa, linazimika. Nikizima feni haliwi na neno."

"Basi usiwashe feni ukipunguza mwendo."

Alinitazama. "Sista alisema utasema hivyo," alijibu. "Alisema nikuambie hapana."

Nilifungua feni. Nilidhani inazunguka kwa shida na kunyonya umeme mwingi. Nikaisafisha, nikaitia grisi, ikawa inazunguka hata ukiipuliza kwa mdomo. Gari likazimika. Nikabadilisha waya wa feni, nikaweka mnene zaidi. Likazimika. Nikabadilisha swichi. Likazimika, tena kwa adabu, injini ikishuka taratibu na kukata, kama mtu anayeacha kuzungumza mgeni akiingia.

Fundi mkuu alikuwa akinitazama tangu asubuhi. "Petroli," alisema.

"Feni inahusiana vipi na petroli?"

"Feni siijui. Petroli naijua."

Akafungua kabureta, akaipuliza, akasafisha bomba la mafuta, kisha akakaza ile skrubu inayoamua injini ingurume kwa kasi gani gari likiwa limesimama. Aliikaza sana. Injini ikawa inanguruma kama lori lililobeba mawe. Tukawasha feni. Halikuzimika. Tukangoja muda wa mtu kula ndizi mbili. Halikuzimika. Fundi mkuu akafuta mikono, akaenda kunywa chai.

Gari lilikaa siku nne bila kurudi. Siku ya tano lilirudi na ubavu uliokwaruzwa na fito. Dereva alituambia kwamba alisimama Nkowe kuomba maji, akaliacha linanguruma kwa kuwa kuliwasha tena kwa hendeli ni kazi, na kwa mlio ule gari lilikuwa linatikisika muda wote. Breki ya mkono ilikuwa imechoka. Alikuwa ndio kwanza anapokea kata ya maji alipoona gari linaondoka. Halikwenda kasi. Lilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetoka msikitini, likavuka uwanja, likaingia kwenye ua wa jumbe, likasimama kwenye jiko la nje, karibu na chungu cha mboga. Ndani ya boksi alikuwemo mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, ambaye alidhani ndiyo safari inaendelea.

"Jumbe alisema nini?" niliuliza.

"Aliuliza kama tumefika kwake kwa jambo gani."

Fundi mkuu alilegeza ile skrubu mwenyewe bila kuombwa. Breki ya mkono niliikaza mimi. Dereva akatoa mfukoni karatasi ya Sista iliyokunjwa mara nne. Iliandikwa mstari mmoja: fundi apande gari, aende nalo Narung'ombe kesho, aone mwenyewe.

Nilikwenda. Mbele walikaa dereva na mkunga. Huyu mkunga lazima nimweleze. Alikuwa bibi wa Kimwera wa palepale Narung'ombe, mwembamba, mwenye jicho moja lililoingia ukungu, aliyezalisha nusu ya watu wa vijiji vile. Sista alikuwa ameelewa mapema kwamba wanawake hawatapanda gari la misheni kama bibi yule hapandi nao, kwa hiyo walipatana. Bibi alipanda kila safari, akafika mpaka mlango wa wodi, akamkabidhi mgonjwa mkononi mwa Sista, na hapo kila mmoja alijifanya mwenzake hana kazi ya maana. Siku hiyo alikuwa amelala hospitali baada ya kumleta mama mwingine, na sasa tulikuwa tunarudi kwao kumchukua binti wa jirani yake, aliyekuwa na mimba ya kwanza na miguu iliyovimba.

Mimi nilikaa nyuma kwenye benchi na mfuko wangu wa spana, chini ya feni. Ilikuwa mchana wa jua kali. Dereva aliiwasha tulipotoka, nami nikakiri moyoni kwamba ilikuwa feni nzuri. Gari lilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye mchanga. Dereva akapunguza mwendo, na nikasikia injini inashuka, inashuka, ikakata.

Dereva aliteremka, akachukua hendeli kama mtu anayekwenda kuchota maji. Nami nikateremka, nikafungua boneti, nikaanza kutazama nilipokwisha kutazama mara tano. Bibi alitoa kichwa dirishani, akasema jambo kwa Kimwera. Kimwera ni lugha ya mama yangu, lakini sikuwa nasikiliza.

Akarudia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mjukuu wangu. Kile kijisindano kinalala."

"Kijisindano gani, bibi?"

"Hiki." Akaweka kidole kwenye kioo kidogo kilichokuwa mbele yake, saa inayoonyesha umeme unaingia kwenye betri au unatoka. "Gari likitaka kufa, hiki kwanza kinatetemeka. Halafu kinalala upande huu. Halafu gari linakufa. Kila siku hivyo."

"Umekitazama kila siku?"

"Njia siwezi kuitazama," alisema. "Naogopa. Natazama hiki."

Dereva aliegemea hendeli. Alikuwa na uso wa mtu aliyeendesha gari miaka mingi akitazama njia.

"Na kinalala kwa feni tu?" nilimuuliza bibi.

"Na akipiga honi. Honi yenyewe siku hizi inalia kama mbuzi mgonjwa. Kinaruka kidogo, gari linataka kufa, halafu linapona."

Hapo nilifunga mdomo na kufikiri, jambo ambalo nilipaswa kulifanya wiki mbili nyuma. Nilimwomba dereva awashe gari. Lilipowaka nikazima feni, nikamwambia aliache lingurume polepole. Kisha nikavuta swichi ya taa kubwa za mbele, katikati ya jua la saa saba.

Injini ikashuka, ikashuka, ikakata.

"Taa hizi uliwahi kuziwasha hivi karibuni?" nilimuuliza.

"Sista haruhusu kusafiri jua likizama," alisema dereva. "Kwa sababu ya tembo. Taa sina habari nazo."

Kumbe feni haikuwa na kosa. Kitu chochote kilichoomba umeme kiliua gari, ila katika gari lile hakuna kitu kingine kilichowahi kuomba. Gari likienda mbio, dainamo linatengeneza umeme wa kuvitosha vyote. Likipunguza mwendo, dainamo linalala, na mzigo wote unaiangukia betri. Ndiyo maana skrubu ya fundi mkuu ilisaidia: injini ilipozunguka kwa nguvu, dainamo halikulala. Betri ilikuwa inaweza kuzipa cheche za injini umeme kidogo zinaoutaka, lakini feni ikidai wake, hauvitoshi vyote viwili.

"Na stata," nilisema, yaani ile mota ya kuwashia injini bila hendeli. "Stata ilikufa lini?"

Dereva alifikiri. "Tangu mlipofunga feni. Nilidhani ni uzee. Kitu kimoja kinakufa, tunaendelea na vilivyobaki."

Nilishika waya mnene wa betri, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari ili umeme uwe na njia ya kurudi. Bolti ilikuwa imekazwa vizuri sana. Niliikaza mwenyewe. Nikachukua spana nikaifungua, na chini ya kichwa cha waya nikaona rangi yangu nyeusi, laini, inayong'aa, haina hata mkwaruzo. Mara mbili nilikuwa nimeipaka. Nilikuwa nimefunga njia ya umeme kwa mkono wangu, kisha nikaikazia bolti. Umeme ulikuwa ukipita mahali padogo sana kwenye nyuzi za bolti, kama watu wanaotoka kwenye nyumba kubwa kupitia dirisha la choo.

Jua lilikuwa linanichoma mgongo. Nilikuwa nafikiria yule mwanamke mjamzito ndani ya ua wa jumbe, na dereva akizungusha hendeli kwenye mchanga wiki mbili, mara sita au saba kwa siku, kwa kanzu yake. Sikuwahi kumwuliza mabega yake yanaendeleaje.

"Umeona?" aliuliza bibi.

"Nimeona."

"Ni nini?"

"Rangi."

Aliongea na dereva kwa muda, wakijaribu kuelewana rangi inaweza kuua gari namna gani. Mimi nilichukua kisu nikakwangua mpaka chuma kikawa cheupe, nikakwangua na kichwa cha waya, nikafunga. Kisha nikamwambia dereva aingie ndani na kubonyeza stata.

"Stata imekufa," alisema.

"Bonyeza."

Akabonyeza. Injini ikawaka palepale kwa mlio mmoja. Dereva akaondoa mkono haraka kama aliyegusa kitu cha mtu. Akazima. Akabonyeza tena. Ikawaka. Akafanya hivyo mara nne, na mara ya nne nikamwona anatabasamu, upande mmoja tu wa mdomo. Tukawasha feni, tukawasha taa, akapiga honi. Watu wawili waliokuwa wanafyeka shamba ng'ambo ya barabara walisimama kutazama. Sindano ililala upande wake, ikatulia, na gari likaendelea kunguruma.

Narung'ombe tulimkuta binti amekaa mlangoni, miguu juu ya kinu kilicholazwa, mume wake amesimama kando na kifurushi cha kanga. Alikuwa mwoga wa gari kuliko wa kuzaa. Bibi alimshika mkono wakapanda nyuma pamoja, nami nikahamia mbele. Tulikwenda polepole makusudi, feni ikiwa inazunguka, nami nikisikiliza injini kama mtu anayesikiliza mlango usiku. Haikukata. Tulikuwa tumepita Nkowe nilipokumbuka kuuliza.

"Upepo unafika, bibi?"

Bibi aliongea na binti, kisha akajibu kupitia kitundu kilichokuwa kati ya boksi na kiti cha dereva. "Anasema mzime. Inampulizia vumbi usoni."

Dereva alinyoosha mkono akaizima.

Tulifika misheni kabla ya alasiri. Sista alikuwa amesimama kwenye ngazi ya wodi. Alimpokea binti, akamtazama miguu, akampitisha ndani, kisha akarudi kwangu. Njia nzima nilikuwa nimetunga maneno. Nilikuwa naweza kusema waya ulikuwa na hitilafu, na lisingekuwa uongo. Nilikuwa naweza kusema kutu.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Ilikuwa nini?"

"Nilipaka rangi mahali pa kufungia waya wa betri. Umeme ukakosa njia. Feni haikuwa na kosa, petroli haikuwa na kosa. Ni mimi."

Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

"Ilikuwa rangi nzuri," alisema. "Niliiona." Kisha akatoa kwenye mfuko wa gauni daftari dogo la gari, ambamo dereva alikuwa akiandika safari na matengenezo, akanipa penseli. "Andika hapo. Mahali gani, kosa gani, na namna ya kulitambua. Andika kwa herufi kubwa. Siku moja utakuwa hupo."

Niliandika nimesimama, daftari juu ya boneti yenye moto. Ilinichukua muda mrefu kuliko kutengeneza. Sikuwahi kuandika kosa langu mwenyewe kwa herufi kubwa, na mkono ulikuwa unataka kuandika mambo mengine. Kisha Sista akaenda kwa dereva, akamwambia pole kwa hendeli. Nilitambua kwamba neno hilo lilikuwa langu kusema, na kwamba amelisema mbele yangu makusudi. Nami nikaenda nikamwambia. Dereva akasema yameisha.

Binti alijifungua siku mbili baadaye mtoto wa kiume, mchana, bila taabu kubwa. Nilirudi Nachingwea nikamweleza fundi mkuu yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Rangi ile uliichanganya na nini ili iwe nyepesi?" aliuliza.

"Petroli kidogo."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akarudi kwenye kazi yake.

Kuanzia hapo bibi mkunga hakuacha kuitazama saa ile ya umeme. Sasa aliitazama kwa cheo. Kila akifika misheni alimweleza Sista hali ya sindano kabla ya kueleza hali ya mgonjwa, na Sista alisikiliza yote mawili kwa uzito uleule. Dereva hakupenda. Aliniambia karakana kwamba ameendesha gari la hospitali miaka yote hiyo, na leo ana msimamizi asiyejua gia ni kitu gani.

Mvua za kwanza ziliponyesha alikuja tena, kwa baiskeli ya kuazima, amelowa mpaka kiunoni. Mkanda unaozungusha dainamo na pampu ya maji ulikuwa umekatika njiani wakitoka Likunja. Yeye hakusikia, kwa sababu ya mvua juu ya boksi. Bibi aliona sindano imelala ghafla bila feni wala honi, akamwambia simama. Alimwambia mara tatu. Mara ya tatu alisimama, akafungua boneti, akaona rejeta inaanza kutoa moshi. Wangekwenda nusu saa zaidi, injini ingekuwa chuma chakavu, na ndani walikuwa na mama na mapacha wa siku moja.

"Nataka mkanda," alisema dereva. "Na mmoja wa akiba."

Nilimpa. Akaifunga mikanda yote miwili kiunoni ndani ya kanzu, isilowe. Alipokuwa anapanda baiskeli nilimuuliza bibi yuko wapi.

"Yuko na gari, na mama na mapacha," alisema. "Amekataa kushuka. Anasema analinda kijisindano chake." Akakanyaga pedeli akaingia kwenye mvua.